Kulala Magamba: mwongozo wa kambi ndogo ya msituni

Usiku wa kwanza utasikia matone yakigonga paa la hema na utadhani mvua imeanza. Ukitoka na tochi utakuta hakuna mvua. Ni ukungu uliopanda kutoka bondeni tangu jioni, ukapita katikati ya miti, ukanaswa na majani, magome na zile ndevu za kijani zinazoning'inia matawini. Sasa unadondoka tone kwa tone, na utaendelea hivyo mpaka jua lichomoze, hata anga likitakata saa nane za usiku.

Anayekwenda kupiga kambi kwenye misitu ya Usambara aanze kwa kulielewa jambo hilo, maana mengine yote yanatoka humo. Msitu wa mlimani kazi yake ni kukamata maji. Maji yanayoporomoka pale Soni ndiyo yanayoteremka hadi Mombo, ambako wakulima wa mpunga humwagilia majaruba yao katika nchi kame. Upande wa pili, Usambara Mashariki, Mto Zigi hutoka kwenye misitu ya Amani ukajaza bwawa la Mabayani, na mji wa Tanga hunywa hapo. Kwa hiyo ukilala msituni unalala ndani ya chanzo cha maji cha watu wengine. Una kazi mbili tu za msingi: wewe ubaki mkavu, na maji yao yabaki safi. Ukizimudu hizo mbili, shida nyingine zote ni ndogo.

Nimechagua kuzungumzia Magamba, Usambara Magharibi, kwa sababu ndiko mtu anayeanza anakoweza kufika kwa basi na kurudi salama, na bado akaupata msitu wenyewe. Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Iko juu ya mji wa Lushoto, na sehemu zake za juu zinapita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Usitarajie hoteli. Kambi za misitu yetu kwa kawaida ni uwanja uliofyekwa, choo cha shimo, pengine kibanda cha kupikia, na giza. Ukihitaji taa, maji ya moto na kitanda, Lushoto mjini kuna nyumba za wageni za kila bei. Lala huko, uingie msituni mchana. Hakuna aibu katika hilo. Lakini kama unataka kuusikia msitu saa kumi za alfajiri, lazima ulale humo.

Lini, na kwa njia gani

Masika, Machi hadi Mei, achana nayo. Njia zinateleza, barabara za udongo hukatika, na hakuna hema la bei ya kawaida litakalostahimili wiki nzima ya mvua ya Usambara. Vuli ya Novemba na Desemba si kali kiasi hicho ila haitabiriki. Juni hadi Agosti mvua hupungua, lakini ndiyo miezi ya baridi na ukungu mzito. Watu wa Dar es Salaam na Tanga huja wakiwa na fulana wakidhani kiangazi ni kiangazi popote. Kwa mgeni ningesema Januari na Februari, au Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Hata hivyo koti la mvua usiliache mwezi wowote.

Kuhusu baridi kuna hesabu rahisi. Kila mita 100 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nusu nyuzi au zaidi kidogo. Kutoka Tanga ufukweni hadi kambi iliyo kwenye mita 1,900 utakuwa umepoteza nyuzi kumi na moja hivi, kabla hujahesabu upepo na unyevu. Usiku wa Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kwa aliyezaliwa Pwani hiyo ni baridi ya kutetemeka.

Mabasi ya Dar es Salaam, Arusha na Tanga hupita Mombo, na kutoka hapo gari dogo hukupandisha Lushoto kwa barabara ya lami iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Ni kama kilomita 33 za kona. Mwenye kichefuchefu akae mbele. Lushoto kuelekea Magamba ni mwendo mfupi wa daladala, gari la kukodi au bodaboda. Bodaboda na hema mgongoni kwenye utelezi ni jambo la kuliepuka. Lipa zaidi kidogo upate gari.

Kibali kitafutwe kabla ya kupanda. Pita ofisi ya hifadhi, ueleze mko wangapi na mtalala siku ngapi. Utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ulipie kwa simu au benki, na risiti uitunze. Usimpe mtu yeyote fedha mkononi. Wakati huohuo muulize bwana misitu maswali manne: kambi ipi iko wazi sasa, maji yako wapi na yako umbali gani, moto unaruhusiwa au hauruhusiwi, na simu inashika mtandao wapi. Hilo la nne wengi hulisahau. Andika namba yake kwenye karatasi pia, kwa kuwa simu iliyozimika haina kumbukumbu. Kisha chukua mwongozaji wa kijijini angalau kwa siku ya kwanza. Njia za msituni huonekana wazi wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi, ukungu ukishuka, kila mti unafanana na mwenzake.

Panga kufika kambini kabla ya saa tisa alasiri. Mchana wetu wa tropiki huisha ghafla, na chini ya miti mikubwa giza huingia mapema kuliko barabarani.

Ukavu

Vifaa vya bei kubwa si lazima. Nionavyo, kifaa bora kuliko vyote kwa kambi ya Usambara ni ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Maji hayaingii, panya haingii, na ukifika unaikalia. Humo tia nguo za kulalia, soksi kavu mbili, kiberiti, tochi ya akiba na unga. Zile nguo za kulalia ziwe amana: zisivaliwe popote isipokuwa ndani ya hema, na asubuhi zirudi kwenye ndoo hata kama zile za mchana bado zimelowa na zina baridi. Kuvaa suruali mbichi saa moja asubuhi kunauma kwa dakika tano, kisha mwili unaipasha. Lakini ukivaa nguo kavu za usiku ukaenda nazo kuteka maji, usiku wa pili hutakuwa na kitu.

Nguo za pamba zikilowa hukaa na maji na kukunyonya joto. Sweta la sufi, hata likiwa bichi kidogo, bado linapasha. Mitumba ndiyo mahali pake: kwa bei ya fulana moja mpya unapata sweta la sufi na koti zito lililotengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi. Kofia ya kufunika masikio ni muhimu, na gambuti ni bora kuliko raba. Khanga mbili zitakufaa kwa kila kitu, kuanzia taulo hadi pazia la choo. Kumbuka pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo mizigo ifungwe kwenye ndoo, viroba au mikoba.

Hema jipya lijaribiwe nyumbani. Limwagie maji uone linavuja wapi. Halafu ununue turubai na kamba za kutosha, maana turubai ndilo paa lako halisi. Lifunge juu ya hema likiwa na mwinamo, lisiguse kitambaa cha hema, na litokeze mbele upate ukumbi wa kupikia na kuvulia viatu. Hema lisifungwe kila upande kwa kuogopa baridi. Pumzi za watu wawili usiku kucha ni maji mengi; madirisha yakizibwa, maji hayo hugeuka matone ndani ya hema na kukulowesha kwa mvua uliyoitengeneza mwenyewe.

Kabla ya kusimamisha hema, tazama juu. Mkulo mzee, ule mti mkubwa wenye harufu ya kafuri ambao jina lake la kisayansi, Ocotea usambarensis, limetokana na milima hiihii, mara nyingi huoza moyo ukiwa bado umesimama, na matawi yake makavu huanguka bila onyo. Jihadhari na kila tawi lililokufa. Kisha tazama chini: pasiwe bondeni wala kwenye mkondo wa maji, pasiwe na msafara wa siafu. Chagua ardhi yenye mwinamo mdogo, ulaze kichwa upande wa juu. Usichimbe mfereji kuzunguka hema kama tulivyozoea kuona kambi za zamani zikifanya. Ule udongo mweusi ni mboji ya miaka mingi iliyoshikwa na mizizi, na mfereji mmoja unakuwa korongo masika yakija.

Baridi inayowaamsha watu hutoka ardhini zaidi kuliko hewani. Mablanketi matatu juu na mkeka mtupu chini ni hasara. Weka turubai, kisha mkeka, kisha godoro la sponji, na ndipo blanketi au mfuko wa kulalia. Chupa imara ya maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwenye soksi, itapasha miguu hadi usiku wa manane. Kula kabla ya kulala, kitu chenye mafuta kidogo. Mwenye njaa hapati joto.

Na sasa jambo ambalo naomba ulisome mara mbili. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema. Lisiingie likiwa linawaka, na lisiingie likiwa limebaki makaa mekundu tu ya kupashia. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Mtu husikia usingizi mzito, kichwa kinamgonga kidogo, akalala, asiamke. Jiko la gesi nalo ni hivyohivyo kwenye hema lililofungwa. Familia nzima inaweza kufa kwa njia hii bila hata mmoja kupiga kelele. Pasheni maji, vaeni sweta, laleni karibukaribu; moto ubaki nje.

Moto na chungu

Kuni za msituni si zako. Tawi lililolala chini ni nyumba ya wadudu na kuvu, na ndilo udongo wa kesho; mti uliosimama usiuguse kabisa, hata ule unaoonekana umekufa. Kama moto umeruhusiwa, nunua kuni kavu za mkaratusi au msindano kutoka vijijini pembezoni mwa hifadhi, na umwonyeshe bwana misitu unachoingiza. Tumia mahali pa moto palipokwishatumika. Moto mpya juu ya mboji unaweza kupenya chini ya ardhi na kufukuta kwenye mizizi siku kadhaa baada ya wewe kuondoka. Kuuzima ni kumwaga maji, kukoroga, kumwaga tena, hadi uweze kuweka kiganja kwenye majivu.

Lakini kwa kupikia nakushauri gesi: ule mtungi mdogo wenye kichomeo juu yake. Ni mzito, ila gari likifika kambini tatizo limekwisha, na utapata chai ndani ya dakika chache huku wenzako wakipuliza kuni mbichi wakitokwa na machozi.

Karibu na mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi kama 93 badala ya 100. Yanatokota kwa fujo lakini hayana moto wa kutosha, ndiyo maana maharage yaliyoiva kwa saa mbili Tanga yatakukalia hapa mchana kutwa. Makande, chakula ambacho Wasambaa na Wapare wanakijua kuliko mtu yeyote, yachemshwe nyumbani au Lushoto uje kuyaunga tu. Ugali na dagaa ni mshindi: unaiva haraka, unashiba, na dagaa hawahitaji barafu. Viazi vikatwe vidogo. Mchele uroweke kidogo kwanza. Usiku wa kuwasili usipike kabisa. Utakuwa umechoka na hema halijasimama. Beba chapati, mayai ya kuchemsha, na jibini na mkate vya shamba la Irente, ambavyo ni sababu tosha ya kupita Lushoto. Sokoni hapo utapata karoti, kabichi, njegere, peasi na pichesi kwa msimu wake, mboga zilizolimwa kwenye miteremko uliyoipita njiani. Tangawizi usiisahau. Chai ya tangawizi saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado shingoni mwa miti, ina thamani isiyo na bei.

Maji ya kijito ni mazuri machoni na baridi mdomoni, na bado yachemshwe. Yakishaanza kutokota, yaache dakika tatu ndipo uepue. Teka juu ya mahali pa kambi, na kufua, kuosha vyombo na kuoga kufanyike mbali na kijito, si ndani yake: chota kwa ndoo, nenda hatua mia moja au zaidi, mwaga maji machafu ardhini yachujwe na udongo. Sabuni inayoitwa ya asili nayo ni sabuni. Kama choo cha kambi hakifai, chimba shimo la kina cha shubiri moja, mbali vilevile na maji, ufukie vizuri. Taulo za kike, nepi na karatasi zenye plastiki hazifukiwi. Zinarudi nawe zimefungwa. Kumbuka mama anayeteka chini huko. Yeye hana namba yako ya simu akulalamikie.

Utakachosikia

Baada ya saa mbili usiku kitu kitalia juu ya mti, kwanza kama mlango wenye bawaba kavu, kisha kwa kelele zinazopanda na kupanda mpaka nywele zisimame. Wengi wamefungasha usiku huohuo. Ni perere, mnyama mdogo mwenye manyoya, ukubwa wa sungura, ndugu wa pimbi wa mawe, anayekula majani na asiye na haja na wewe. Analala mchana kwenye mapango ya miti mikongwe. Kwa hiyo sauti yake ni habari njema: panapolia perere, bado kuna miti mizee yenye mapango, na Usambara imepoteza mingi ya namna hiyo kwa misumeno tangu enzi za Wajerumani. Mkulo hujirudisha kwa machipukizi ya mizizi, polepole mno. Msikilize perere ukiwa ndani ya blanketi.

Tembea na tochi polepole kandokando ya njia, huku ukimulika ncha za vijiti. Vinyonga hulala huko, wamepauka hadi weupe, na mwanga unawafichua kwa urahisi. Yupo wa Usambara ambaye dume lake lina pembe tatu. Watu wengi wanamwogopa kinyonga kwa imani za tangu utotoni. Hana sumu wala hakudhuru. Usimshike, usimhamishe, na atakayekuomba umuuzie mmoja mripoti.

Asubuhi mbega watakuja na makoti yao meusi na meupe. Kima nao watakuja, na hao wamekuja kwa ajili ya mkate. Chakula kikae ndani ya ndoo, kamwe kisikae ndani ya hema, na usimrushie mnyama hata ganda la ndizi. Kima aliyezoea kulishwa atampora mtoto wa mgeni anayefuata. Siafu ukiwakuta wanaelekea hemani, hasa mvua inapoanza, usipigane nao. Majivu yanaweza kuwageuza njia. Yasipowageuza, hama kwa saa moja, watapita. Viatu vikung'utwe kila asubuhi. Ukitoka kwenye nyasi ndefu jikague kupe.

Spika iache nyumbani. Ninasema hivi nikijua vijana wanapenda muziki, nami naupenda. Lakini spika moja hufuta msitu mzima kwa kila aliyelala jirani, na ndege uliosafiri kuwasikia hunyamaza.

Utakutana na wenyeji: wanawake wenye mizigo ya majani, watoto wa shule, wazee wanaovuka kwenda kijiji cha pili. Njia hizi ni zao kabla hazijawa zako. Wazee waamkie shikamoo, simama kidogo, ueleze umetoka wapi. Usimpige mtu picha bila kumwomba. Nunua kwao unachoweza kununua, viazi au kuni au kazi ya kukuongoza, kwa sababu msitu unaomletea jirani yake kipato hupata mlinzi asiyelipwa mshahara.

Siku ya kuondoka amka mapema, ila usikunje hema kabla jua halijaligusa. Zunguka uwanja ukiangalia chini: vifuniko vya chupa, vipande vya kamba, maganda ya mayai, njiti. Hata maganda ya machungwa yarudi nawe, yanachelewa kuoza kwenye baridi hii. Ukishuka mpitie bwana misitu, mweleze kama choo kimejaa, kama mti umeangukia njia, kama umesikia msumeno usiku na ulitokea upande gani. Taarifa hiyo ya mwisho ni ya kumpa faragha, uso kwa uso.

Ukifika nyumbani, hata kama umechoka, lifungue hema jioni hiyohiyo na ulitandaze sebuleni. Likikaa limekunjwa likiwa bichi, ukungu mweusi utalila kwenye mishono, na safari ijayo litavuja. Turubai na kamba ni hivyohivyo. Godoro la sponji lisimamishwe ukutani siku mbili kabla ya kurudishwa stoo.